Fuko Aliyekataa Kulisalimu Jua

Wanyama wa bondeni walikuwa na desturi yao: hakuna aliyetia kitu kinywani asubuhi kabla ya kulisalimu jua. Fuko peke yake hakutoka shimoni.

"Tangu nizaliwe, jua halijanipa hata punje," alisema. "Chakula changu kiko chini ya ardhi, nakichimba kwa jasho langu."

Kanga, ambaye hapitwi na neno, akainama mlangoni pa shimo. "Sawa, mjomba. Basi leo kula kile tu kisicho na mkono wa jua."

Fuko akacheka, akakamata kiazi kitamu.

"Hicho kimenenepeshwa na majani yake," Kanga akasema, "nayo yameshinda juani msimu mzima."

Fuko akakiweka chini, akavuta nyungunyungu.

"Huyo amelelewa na majani yaliyooza."

Akashika mchwa.

"Huyo amekula mti."

Fuko akapapasa shimo zima, asipate kingine ila udongo. Akaulamba, akautema. Akajiambia kwamba hana njaa hata kidogo, lakini tumbo likamkatalia kwa mngurumo ambao Kanga aliusikia akiwa nje.

Kesho yake, wanyama walipokwisha kujipanga, ardhi ikafumuka katikati yao. Fuko akachomoza, pua juu, ameligeuzia jua mgongo.

"Msije mkadhani nimeshindwa," akasema. "Mimi nimekuja kuvisalimu viazi tu."

"Karibu, mjomba," Kanga akamjibu, akimgusa bega kwa bawa. "Ila geuka. Viazi vyenyewe vimeelekea huku."