Shuka Jeupe

Redioni, Wamarekani walikuwa bado wanabishana kama vita vya mji ule vinawahusu. Zamda alipanda juu ya paa na shuka jeupe, kama walivyofanya watu wa pale walipotaka ndege za Wamarekani zije kuwaokoa. Mwaka ambao hazikuja, waasi walimchinja kaka yake. Mwaka uliofuata zilikuja, waasi wakakimbia, na bomu moja likamuua mwanawe, Habibu.

“Tandika, Mama Habibu,” mumewe alisema kutoka chini. “Waasi wameshavuka daraja.”

“Ndege zikija zitatuua.”

“Zisipokuja?”

Redio ikatangaza kwamba mjadala umeahirishwa hadi Jumatatu. Shuka lilikuwa limekunjuliwa nusu. Upepo ukalishika upande mmoja, naye Zamda hakuliachia wala hakulivuta.