Mkono wa Kushoto wa Viateur

Ukucha wa Viateur ulinasa ndani ya klachi ya pikipiki aliyokuwa ameifungua.

Wiki tatu mfululizo pikipiki yake kubwa ilikuwa ikiruka kama mbuzi kila alipoachia klachi. Jana, kwenye barabara ya Nyamyumba, ilimmwaga mkewe chini. Mwaka uliopita Viateur aliugua kiharusi, na klachi hushikwa kwa mkono wa kushoto, ule ule uliokuwa umepooza. Aliamini ugonjwa umerudi, na kwamba mkono ndio unaoiachia klachi ghafla. Hakumwambia mtu.

Sasa alipitisha ukucha tena kwenye bakuli la chuma ambamo sahani za klachi huteleza. Palipopaswa kuwa laini palikuwa na vishimo, kimoja baada ya kingine. Sahani zilikuwa zikinasa humo, kisha zikichomoka ghafla.

"Mama, kuya! Gusa hapa."

Mkewe alikuja akichechemea, akagusa. "Iko mashimo."

"Ndiyo ilikuwa inaturusha."

"Donc, basi haiko mukono yako?"

Viateur alimtazama. Kumbe naye alikuwa akiogopa hilo hilo, kimya kimya.

"Haiko mukono," alisema.

Mkewe alimfuta oili kwenye vidole vya kushoto, kimoja kimoja, kisha akamwekea tupa ya kusugulia chuma mkononi humo humo.

"Bon. Sawazisha. Mi naenda kuvaa kofia ya pikipiki, tuijaribu wote."