Fuateni Maji

Mkaguzi alikuwa bado anaangalia dari. Alikuwa akiliangalia tangu aingie, shingo ameirudisha nyuma kama mtu anayesubiri mvua imnyeshee ndani ya nyumba, na mwalimu akaanza kujiuliza kama kuna popo.

"Karibu kiti," alimwambia.

"Asante. Endelea tu na kazi yako, dada, mimi sisumbui." Akaenda kukaa kona ya nyuma, karibu na kabati, akafungua daftari. "Wako wangapi humu?"

"Arobaini na watatu."

"Kila siku?"

"Mahudhurio ni mazuri," alisema mwalimu, haraka kidogo.

Alikuwa na miezi mitano kazini, na wa majaribio umebaki mmoja. Asubuhi mwalimu mkuu alimpitia na kikombe cha chai mkononi, akamwambia kuna mkaguzi atakayepita madarasani na asizuiwe kuona chochote. Mwalimu mkuu huyo huyo alikuwa ameshamwonya mara mbili: wazazi wanalalamika, watoto wanatoka kwenye somo la jiografia na matope hadi magotini. "Ubao upo, chaki ipo," alimwambia. "Mito imechorwa vizuri kabisa kitabuni."

Lakini somo la leo lilikuwa limeshaandaliwa, na mwalimu hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Mezani palikuwa na sinia kubwa la mbao alilotengenezewa na kaka yake, seremala. Ndani yake watoto walijenga vilima viwili vya udongo. Kimoja walikivisha majani yaliyong'olewa pamoja na mizizi yake. Kingine walikiacha kipara.

"Kama babu yangu," alisema mmoja, na darasa likacheka.

"Haya, leteni mvua," alisema mwalimu.

Msichana ambaye wenzake walimwita Bi Kwa Nini aliinua chupa iliyotobolewa kizibo, akanyesha, akiijaza tena kwenye ndoo kila ilipoisha. Kilima chenye majani kilikunywa maji taratibu, kikatoa kijito chembamba, safi. Kile kipara kikatapika matope. Ikaanza mifereji, yakaja makorongo, kisha ubavu mzima ukateleza.

"Nani amekibomoa?"

"Maji," walijibu wote.

"Maji yana mikono?"

"Yamebeba udongo wa chini, mwalimu," alisema Bi Kwa Nini. "Wa juu ukakosa pa kukaa."

Hapo ndipo gundi ya kaka mtu ilipomwangusha. Ubao wa pembeni uliachia, na maji yote, kama nusu ndoo, yakashuka sakafuni. Yakapita chini ya madawati, yakakata kushoto, na kabla mwalimu hajapata la kusema yalikuwa yameshafika kwenye viatu vya mkaguzi.

Mwalimu aliiona barua yake ya ajira ikielea. Mtoto mmoja akakimbilia kitambaa cha kudekia.

"Acha," alisema mwalimu. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Msikaushe. Chukueni chaki. Fuateni maji, mchore kila yanapopita."

Hawakungoja kuambiwa mara mbili. Watoto arobaini na watatu walishuka sakafuni kwa magoti, wakachora na kubishana. Ghorofani, darasa la sita walikuwa wakiburuta viti. Mistari ya chaki ikaungana: vijito vikawa mto, na mto ukaenda moja kwa moja hadi kona ya nyuma.

"Mwalimu, kwa nini yote yameenda kwa mgeni?" aliuliza Bi Kwa Nini.

"Maji hufuata mteremko. Kule ni chini zaidi."

"Lakini sakafu si iko sawa?"

"Kwa macho iko sawa. Ndiyo maana tunapima."

Mkaguzi alikuwa amesimama. "Mwageni tena," alisema. "Safari hii kutoka dirishani."

Wakamwaga. Maji yakazunguka meza, yakaenda kona ile ile.

"Nani ana gololi?"

Gololi zilikuwa marufuku shuleni, na kila mtu akakumbuka kuangalia vidole vyake.

"Simnyang'anyi mtu," alisema mkaguzi.

Gololi kumi na moja zikatoka mifukoni. Wakazipanga mlangoni, wakaziachia. Zilijivuta kwanza, zikashika kasi, zikaishia chini ya kabati zikigongana, na darasa likashangilia. Mkaguzi alikuwa amepiga magoti kwenye maji, suruali imelowa, anaandika mbio mbio. Mwalimu hakuwahi kuona mtu mzima akinogewa na somo kiasi kile. Alitamani mwalimu mkuu apite pale wakati ule ule.

"Mwalimu," aliita mtoto aliyekuwa karibu na kabati, "ziwa letu halijai."

Kweli halikuwa likijaa. Mkaguzi alilisogeza kabati peke yake. Nyuma yake palikuwa na ufa wa kuingia kidole, na maji yalikuwa yakiteremkia humo kama yanayokwenda kwao.

Mwalimu hakuiacha nafasi hiyo impite. "Maji hayapotei duniani. Haya yanakwenda wapi?"

"Chini ya ardhi."

"Vizuri sana. Na mvua zote za mwaka huu, zilipoingia humu, zilipita njia hiyo hiyo."

Mkaguzi alifunga daftari, akajipangusa mikono, akamsogelea mwalimu hadi karibu na ubao.

"Sijawahi kuona somo zuri kama hili," alisema kwa sauti ya chini.

Mwalimu alishusha pumzi. "Kwa hiyo nimepita?"

"Hilo silijui, dada. Mimi sikagui walimu, nakagua majengo. Watoe hawa nje sasa hivi, kimya kimya, kwa mlango wa mbele. Mimi napanda kuwashusha wa juu."