Vumbi Upande wa Kushoto

Nilikuwa nafuta kibodi ya shangazi nilipoona kwamba vitufe vya herufi vimelika hadi maandishi yamefutika, lakini vile vya pembeni kushoto vimeshika vumbi.

Shangazi ndiye mchapaji wa barua katika duka tunalofanyia kazi. Tangu atoke hospitali, barua zake hazina herufi kubwa hata moja. Wateja wakilalamika, husema, "Kibodi mbovu hii." Asubuhi hiyo mwenye duka alikuwa amemwonya: barua nyingine ya namna hiyo, kiti chake atakikalia mwingine.

Nikamgeukia shangazi aliyeketi kando yangu, nikautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umelala mapajani, chini ya mtandio. Basi angewezaje kushikilia kitufe cha pembeni cha herufi kubwa huku anabonyeza herufi?

Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kumuumbua shangazi si kazi yangu. Nikaingia kwenye setingi za kompyuta nikabadilisha.

"We mtoto, unachokonoa nini humo?"

"Kibodi ilikuwa mbovu kweli, shangazi. Sasa kitufe cha pembeni hakishikiliwi. Kibonyeze, kiachie, kitakusubiri. Ndipo ubonyeze herufi."

Akanikazia macho. Kisha akabonyeza kwa mkono wa kulia, akaachia, akabonyeza tena. Kwenye skrini ikasimama N kubwa, peke yake.

"Kumbe ilikuwa mbovu," akasema polepole.

"Mbovu sana."

Akaushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akautoa chini ya mtandio, akauweka mezani mbele yangu.

"Haya, nisomee hiyo barua ya mteja, niichape."