Mpangaji wa Tisa

Nikutegee, mjukuu wangu: nyumba moja, wapangaji tisa, mlango mmoja, na anayepita sana kuliko wote hana miguu. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni kompyuta kubwa ya hospitali: ndani yake zimo kompyuta tisa zisizoshikika, zote zikisoma na kuandika kwenye diski moja, nayo ndiyo mlango.

Asubuhi hiyo mlango ulizibwa. Majibu ya damu ya mama mjamzito yalikwama, na daktari alisimama nyuma ya fundi akihema.

"Dada fundi, huyu mama anatutoka! Nani kaziba?"

"Wa tisa," alisema fundi, macho kwenye skrini.

Wa tisa, mbeba ujumbe wa wagonjwa, alitengenezwa na mdogo wa kiume wa dada huyu, fundi aliyemtangulia kazini, aliyefia humohumo hospitalini, wodi ya sita, mwaka jana. Alimwekea sharti: ujumbe usiojibiwa uandikwe upya hadi ujibiwe, ndipo nakala zake zote zifutwe. Nakala za ujumbe mmoja zilikuwa zimezaana kama panya mwaka mzima, hadi zikaijaza diski.

"Si umzime tu!"

"Nikimzima, daktari, wagonjwa wataitaje wauguzi?"

Fundi akaufungua ujumbe ule. Ulikuwa wa mdogo wake, aliomtumia kutoka wodini siku ile dada alipomnunia, akaiacha simu ilie mpaka ikachoka.

"Dada, unakuja?"

Ukajiandika tena mbele ya macho yake. Na tena.

"Mjibu basi!" daktari alifoka.

Akaandika herufi mojamoja: "Nakuja."