Mgaya Asicheke

Siku hizi lori la kampuni haliwaki mpaka dereva awe na furaha. Bangili isiyovulika humpima moyo, na lori huitika. Bosi anasema ni usalama barabarani, lakini likizo hatoi. Ukilalamika, anakutumia vichekesho.

Siku binti wa dereva Mgaya alipoolewa, yeye alikuwa akipita na mzigo Makambako, nyumbani kwake, akaomba ashuke kidogo. Bosi akamjibu kwenye simu, "Mzigo kwanza. Harusi utaiona kwenye video."

Damu ikamchemka Mgaya, na lori likazimika palepale, karibu na mlango wake. Akashuka mbio.

"Leo nanuna tu," alimnong'oneza mkewe, Atuganile. "Lori likiwaka, nami nisiondoke nalo, kazi sina."

Akaketi kati ya vigelegele, sahani ya pilau mapajani, akimfikiria bosi kwa bidii. Mambo yakaenda vizuri mpaka alipoingia Gama, Mngoni, mtani wake. Gama akamnyakulia mnofu kwenye sahani.

"Wabena nyie! Baba wa bibi harusi mmemkodi wapi? Mbona kanuna kama kinyago?"

Mtani hakasirikiwi. Mgaya akauma midomo. Gama akajifunga khanga, akajibana kando ya bwana harusi, akalegeza macho kama bibi harusi.

Mgaya akacheka mpaka machozi yakamtoka. Binti yake, kumwona baba anacheka, naye akacheka, na wageni wote wakafuata.

Nje, lori likawaka. Likapiga honi moja, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi.