Mrija wa Saba

Mrija wa majaribio wa saba haukutiwa kingamwili, protini za kunasa ugonjwa, nao ulipaswa kubaki bila rangi. Ulikuwa mwekundu kama ile sita iliyotiwa.

Mtafiti aliuinua dirishani. Basi molekuli za rangi iliyotiwa katika mirija yote zilijipanga zenyewe zikaishika protini ya ugonjwa. Kingamwili zilizosifiwa miaka tisa hazikufanya lolote.

Mkuu wa maabara, ambaye ndiye baba mkwe wake, akaingia akinyoosha tai.

“Mwanangu, wageni wamekaa. Njoo uwaeleze ugunduzi wetu.”

“Baba, huu sikuutia kingamwili.”

Mzee aliutazama mrija. Kisha akaufunga mlango kwa ufunguo.

“Nilikuoza binti yangu. Usinivue nguo mbele za watu.” Akafungulia maji ya sinki, akanyoosha mkono apewe mrija. “Mirija ilikuwa sita.”

Mtafiti akaufumbata mrija kifuani.